Nimeshaagwa, Ila Sijaondoka

Jumapili, Kimara. Mawingu tangu alfajiri, joto la mvuke, na mvua bado inajivunga.

Kwa mujibu wa majirani zetu wa Temeke, saa hizi mimi niko Ufaransa. Naendesha baiskeli kwenye barabara za changarawe katikati ya mashamba, mahali kimya kiasi kwamba gari likipita watu hugeuka kulitazama. Ukweli ni kwamba nimekaa kwenye kochi la dada yangu Mwanaidi, nimefunga pazia, na nimenuna tangu nilipoamka.

Nisimulie vizuri, maana hata mimi nikijisimulia naona kama napigwa fiksi.

Kazi yangu ni kuzungusha wageni kwa baiskeli. Nawapeleka Pugu na Kisarawe, kwenye njia za vumbi ambazo wenyeji tunazilaani na wao wanazipiga picha. Mmoja wa wageni hao ni Benoît, mwalimu wa shule. Mara ya kwanza alikuja kama mteja, mara ya pili akaja kama rafiki, akakaa mkekani kwetu na mama akamfundisha kula ubwabwa kwa mkono. Siku anaondoka akasema safari hii zamu yangu, niende kwao tukaendeshe.

Njia tuliichora pamoja, yeye kule na mimi huku, kwenye ramani ya simu. Inafuata ukingo wa mfereji wa zamani, halafu inaingia mahali palipokuwa na reli. Chuma kiling'olewa, tuta likaachiwa waendesha baiskeli. Baada ya hapo ni vijiji vidogo vyenye kanisa moja na duka la mikate linalofungwa mchana. Mimi ndiye niliyemshauri tuukwepe mlima mmoja na kuzungukia msituni. Sijawahi kukanyaga huko, lakini kona zake nazijua kuliko za Mbagala.

Kosa letu likawa dua.

Kwetu mtu hasafiri mbali hivi hivi. Anasomewa, unachomwa ubani, watu wanakula pilau, wanamwagiza. Viza ilikuwa bado haijajibiwa, lakini mjomba alikuwa anarudi Kilwa, na mama akasema dua ya safari isiposomwa mjomba akiwepo itakuwa haina mwenyewe. Mimi sikuona tatizo. Nilikuwa na barua ya mwaliko, nina kazi, nina tiketi ya kurudi. Nani angeninyima?

Basi nikaagwa. Mama Salma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliniagiza manukato na kunishika kichwa akiniombea. Mtaa mzima ulinipa mkono.

Jibu la viza nililifuata mjini kwa baiskeli, pilau ikiwa imeshaliwa. Nimekataliwa. Sababu waliyoandika ni kwamba hawana hakika kama nitarudi nyumbani.

Benoît akija huku hupewa viza palepale uwanja wa ndege, hata jasho la safari halijamkauka. Yeye hakuna anayemwuliza kama atarudi kwao. Nilipomweleza yaliyonikuta akaniandikia, "Pole sana, rafiki, itakuwa mara nyingine." Halafu akaenda na wenzake. Kwenye njia yangu. Najua hana kosa, na bado nimemchukia wiki nzima.

Nilipompigia mama, ndiye aliyesema nisirudi Temeke kwanza. "Watu pilau yako haijawashuka tumboni, uwatokee mlangoni? Kaa kwa dada yako upepo upite." Nikakubali. Upepo haukupita. Mama Salma aliuliza kama nimefika, mama akajibu, "Alhamdulillahi, kafika." Neno moja tu, ndilo linalonifungia humu ndani. Nami nikalimwagilia maji: Benoît aliponitumia picha ya ule mfereji, nikamtumia mama, mama akaizungusha mtaa mzima.

Kwa hiyo naendesha alfajiri tu, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi. Natoka hapa Kimara, napita Msakuzi hadi Mpiji Magohe, kwenye kokoto na mashimo, nikikwepa malori ya mchanga. Watu wakianza kuamka narudi kujificha. Mtu mzima na ndevu zangu, naendesha baiskeli kama niliyeiiba.

Leo mchana mama akanipigia. Kabla sijamsalimia akasema, "Hamisi mwanangu, niko na Mama Salma hapa, nimekuweka spika!" Nikaelewa kwamba natakiwa kuwa Ufaransa.

"Shikamoo, Mama Salma."

"Marahaba, baba! Eti huko baridi?"

"Ya wastani tu."

"Wanakulisha nini hao?"

"Mikate, mama. Migumu kama matofali. Na jibini."

"Masikini! Na maji je?"

Hapo nikamjibu kitu cha kweli kabisa, alichonisimulia Benoît. Kule vijijini maduka yakifungwa, waendesha baiskeli hujaza chupa kwenye mabomba ya makaburini, yale yaliyowekwa kwa ajili ya kumwagilia maua.

"Astaghfirullah! Mnakunywa maji ya wafu?"

Mama akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kweli, cha kukosa pumzi, ambacho sijakisikia tangu nilipokataliwa. Na mimi nikanogewa. Nikawaeleza mfereji na miti iliyopangwa pande zote mbili, ng'ombe weupe wanaokutazama bila kuacha kutafuna, ile reli iliyong'olewa, changarawe inavyokwaruza taratibu chini ya tairi. Walinyamaza wananisikiliza. Kwa dakika chache hizo, wallahi, nilikuwa kule.

Pazia nilikuwa nimefunga. Dirisha nililiacha wazi kwa ajili ya joto.

Kikapita kile kigari cha wanunuzi wa vyuma chakavu, na kipaza sauti chake kisichojua Jumapili: "Tunanunua friji bovu! Feni bovu! Betri mbovu! Masufuria mabovu!" Kikasimama hasa mbele ya nyumba ya dada, kana kwamba kimetumwa.



"He!" akasema Mama Salma, polepole. "Na Ufaransa nako wananunua friji bovu? Tena kwa Kiswahili?"

Simu ikakatwa.

Njia ya mwongo fupi, wanasema wahenga. Yangu iliishia hapo, kwenye kochi la dada.

Baadaye mama akanitumia ujumbe wa sauti. Nilidhani atalia. "Dirisha, Hamisi! Dirisha tu limekushinda kufunga? Sasa mie naiweka wapi sura yangu? Usije huku. Ukija njoo usiku, watu washalala."

Nimeusikiliza tena na tena. Uongo haumsumbui, anasumbuliwa na dirisha. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi, nilipomaliza kuusikiliza, niliinuka nikaenda kulifunga.

Mwanaidi aliniona. Akaweka chini beseni la nguo, akasema, "We kaka, wale walikunyima Ufaransa. Temeke nani kakunyima?"

Akalibeba tena beseni lake, akatoka kwenda kuanika. 

Wanaotoa viza wana mashaka kama nitarudi nyumbani. Mama yangu mzazi ananiomba nisirudi. Na mimi, mwenye baiskeli na miguu mizima, nimewatii wote wawili. Nimechoka kuwa mtu aliyeagwa. Nina hasira na wao, nina hasira na Benoît na mfereji wake, lakini hasira kubwa ni kwamba nyumbani ni mwendo wa asubuhi moja, na ndiyo njia niliyoiogopa kuliko milima ya watu.

Kesho sitoki alfajiri. Nitasubiri jua liwake, watu wawe barazani, wanawake wawe wanachambua mchele. Nitashuka Ubungo, nikate Buguruni na Tazara, niingie mtaani kwetu mchana kweupe, bila kofia. Nitaanza na Mama Salma, nimpe shikamoo yake nikiwa mikono mitupu, na anicheke mpaka achoke.

Halafu nitaegesha baiskeli na kupiga hodi mlango wa mbele. Mama akiitikia karibu, nitakuwa nimerudi nyumbani. Asipoitikia, nitapiga hodi ya pili.