Kufuli la Mama Eufrasia

Dainess, leo nimechoka hata kucheka.

Mama Eufrasia kapoteza ufunguo wa stoo yake ya dagaa hapa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Clementina wa stoo ya pili kachomeka wa kwake, utani tu. Kufuli likafunguka!

Ufunguo wa jirani, Dainess! Likafunguka!

Wakajaribu stoo ya tatu. Nayo ikafunguka. Wote walinunua makufuli kwa mmachinga mmoja.

Mama wa watu kakaa chini. Unakumbuka alivyomwambia mke wa mwanawe, Winfrida? “Dagaa wanapungua, na ufunguo wa pili unao wewe tu.” Wewe tu! Winfrida akaurusha ziwani, akarudi kwao Ilagala.

Sasa hivi kaninong'oneza: “Mpigie kwa simu yako. Yangu hapokei.”