Isamu, Mlango wa Jikoni Uko Wazi

Mchele ukisuguliwa ndani ya sufuria, mara tatu, kisha maji yakimwagwa taratibu usije ukamwamsha bintiyo Miriam: hiyo ndiyo sauti iliyotuamsha kila siku pale Malaz, Riyadh, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Ni mwaka mmoja sasa tangu sauti hiyo inyamaze, mwanetu Isamu Kurata.

Anayekuandikia ni mama mkwe wako, Mwikali. Mkeo Magdaline alijaribu, karatasi ikalowa machozi, akanipa kalamu.

Tulikupata Jeddah. Ulikuja kwenye maonyesho ya michezo ya video, tumbo likakuangusha, na nesi aliyekutundikia dripu alikuwa binti yetu. Ukapona, lakini ulirudi hospitalini siku tatu mfululizo eti kumshukuru. Mkaoana. Miriam akazaliwa mkiishi mtaa wa Aziziya hukohuko Jeddah, kisha kazi yako ikawahamishia Riyadh, nami nikaja kusaidia kulea.

Kazi hiyo nilichelewa kuielewa. Ulianza ukiwa kijana kule Osaka, ukigonga kuta zote za mchezo kutwa nzima kutafuta penye kasoro. Baadaye wakakupa kuandika maneno ya wauza duka na wazee wa vijijini, wale ambao msafiri wa mchezo hukutana nao njiani. Miaka ishirini ikapita, ukawa mtayarishaji, mchezo mzima uko mikononi mwako. Nilikuuliza, "Kwani wewe ndiye unayechora?"

"Hapana, Mama. Mimi nahakikisha wanaochora wamekula, hawagombani, na kazi inaisha."

"Basi wewe ni mama mwenye nyumba!" Ulicheka hadi ukakohoa.

Wiki ya kwanza ulidhani nachukia mapishi yako. Kila ulipopakua, nilichukua sahani yangu nikaenda kula jikoni, mlango nikaufunga. Siku ya pili ukabadilisha supu, siku ya tatu ukaleta samaki, mpaka Magdaline akakuhurumia. "Si chakula, Baba Miriam. Ni nthoni, heshima ya kwetu Ukambani. Mama mkwe hali pamoja na mume wa bintiye mpaka mbuzi wa heshima afike nyumbani kwao."

Mwingine angecheka, au angenuna. Wewe ulibeba kiti chako ukakiweka nje ya mlango wa jikoni, ukaupa mgongo, tukala hivyo, ubao katikati yetu.

"Mama, samaki yukoje?"

"Mbona hajaiva?"

"Huyo huliwa hivyo hivyo."

"Mrudishe motoni, mimi si paka!"

Miaka mitatu tulizungumza hivyo.

Kumbe ulikuwa ukiyaweka yote moyoni. Katika Safari ya Chumvi, mchezo wako wa mwisho, kuna nyumba moja huko jangwani njia inapokwisha, na nyuma ya mlango wake kuna bibi ambaye msafiri humsikia tu, hamwoni. Ulinifunika blanketi jikoni ili kelele za kiyoyozi zisiingie, ukarekodi sauti yangu. Wakubwa wako ofisini Olaya wakasema nyumba ile iondolewe: haina vita, haina hazina, msafiri haondoki na chochote. Wewe mpole, usiyewahi kumpazia mtu sauti, uliwaambia, "Nyumba ikiondoka, nami naondoka." Nyumba ilibaki.

Mwaka huohuo ukampigia simu kaka yangu Ernest kule Makueni, naye akapeleka mbuzi kwa niaba yako. Heshima ikatimia. Ukaniomba kitu kimoja tu: "Mama, sasa fungua mlango, tule meza moja."

Nikakujibu, "Subiri kwanza mchezo utoke, mwanangu. Siku hizi unarudi umechoka. Siku hiyo tutakula."

Ukaanza kufuta siku kwenye kalenda iliyo kwenye friji. Zilipobaki nne, moyo wako ulisimama ukiwa ndani ya treni, unaelekea kazini.

Majivu yako yako Osaka kwa mama yako. Sisi hatuna kaburi la kupalilia. Kwa hiyo Miriam, ambaye sasa ana miaka saba, huwasha mchezo wako kila Ijumaa. Hapigani na mtu, hatafuti dhahabu. Huenda moja kwa moja hadi mlango ule wa jangwani, akamsikiliza bibi. "Nyanya, anayeongea humu ni wewe," huniambia, "lakini aliyekuweka ni baba."

Leo nimeosha mchele mimi, mara tatu kama wewe. Nimeufungua mlango wa jikoni, nimekirudisha kiti chako mezani, nami nimekaa mkabala nacho. Samaki nimemla bila kumrudisha motoni. Ni mtamu, Isamu. Laiti mlango ningeufungua siku ileile ulipoomba.

Wanaokukumbuka ni mke wako Magdaline, binti yako Miriam, mama yako mzazi Fumie kule Osaka, mjomba Ernest na jamaa wote wa Makueni, wenzako wa Olaya, na mimi. Hakuna siku tutakayokusahau.

Maneno uliyonirekodi chini ya blanketi nayajua bado, na leo nakwambia wewe: Umekula? Kaa kidogo. Ukipita tena njia hii, nitembelee.