Nchi ya Dada Lin Haikutajwa

Mama,

Ningependa kukuandikia habari njema, lakini roho inaniuma. Mwanao Désiré ametuuza.

Unakumbuka ulivyoianzisha sherehe yetu ya Waburundi hapa Seven Hills, Sydney: kila mgeni anaitwa mbele, nchi yake inatajwa, anavishwa kitenge. Ulikuwa unasema, "Mtaje kwao, ajue tumempokea." Dada Lin, mwenzako wa kazi kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ulimtajia Taiwan kwa sauti hadi maikrofoni ikapiga kelele, naye akatokwa machozi. Alitueleza kwamba wanapiga kura zao na kujitawala, ila China, jirani yao, inadai ni mali yake, na nchi ikiwatambua inanuniwa. Ndiyo maana hapa Australia hawana ubalozi, wana ofisi yenye jina jingine. Wakubwa wakiogopa kuwapokea, wao wanatafuta watu: wanasomesha vijana, wanaleta chakula kwenye sherehe ndogo kama yetu. "Tukiwa na marafiki, bado tupo," alisema.

Mwaka huu mwenye ukumbi, anayefanya biashara na China, alimwambia Désiré hataki kulisikia jina hilo. Naye, mwenyekiti wetu, akakubali, hata kamati hakuiuliza. Aliita Kenya, Kongo, Samoa. Alipomfikia Dada Lin akasema, "Na rafiki yetu mmoja."

Rafiki yetu mmoja! Mama, huyu ndiye aliyekupikia uji wa mchele ulipokuwa humezi kitu, akakushikia shifti usifukuzwe. Aliinamisha kichwa avishwe, akatabasamu. Baadaye nilimkuta jikoni anaosha sufuria zake, akaniambia amezoea. Neno hilo lilinikata maini. Kwa wengine azoee, sawa. Kwetu?

Nilimfuata Désiré kwenye gari. Unajua alinijibu nini? "Hizo ni politiki, dada. Tukinyimwa ukumbi, kumbukumbu ya Mama tutaifanyia wapi?" Yaani amekutumia wewe. Sikupanda gari lake, nikarudi kwa treni.

Sasa nimeamua. Kumbukumbu yako itafanyika kwangu, Macquarie Fields, watu wabanane hadi uani. Désiré ni kifungua mimba wako, mlango sitamfungia. Lakini wageni nitawaita mimi, na Taiwan ataisikia akiwa amekaa palepale.

Nimeshamwalika Dada Lin. Zamani angeuliza alete nini. Safari hii aliniuliza kama nina uhakika.

Lala salama, Mama. Nitamtaja.

Binti yako,
Espérance