Dirisha la Mwalimu Radojka

Jumatatu, 13 Novemba

Zamu ya darasa wiki hii ni mimi na Vukan. Kufuta ubao, kumtajia mwalimu wasiokuja. Hilo la kutaja namwachia Vukan. Mimi nafuta, nikiwapa mgongo watu wote. Raha!

Sauti ya Mwalimu Radojka, wa historia, inakwaruza tangu Oktoba. Leo ilikatika katikati ya sentensi. Midomo inaenda, hakuna kitu. Na sisi thelathini na mmoja tunapiga kelele kama soko la Jumamosi. Nikakimbia kufunga dirisha. Upepo wa kupita kati ya dirisha na mlango ndio unaoua koo — hapa Sombor hata mtoto anajua.

Jumanne, 14 Novemba

Darasa limemnunulia mfuko mzima wa pipi kali za mnanaa. Bibi yangu Persa naye katoa asali, na maagizo: mwalimu avae skafu, asikae penye upepo, maana upepo ndio uliompinda babu shingo mwaka ule.

Vukan kaleta kengele ya kondoo. "Mwalimu, ukitaka tunyamaze, tikisa. Kondoo wa babu wanaelewa, sembuse sisi?" Mwalimu alicheka bila sauti. Kisha akafundisha kwa kunong'ona kipindi kizima. Afadhali, anaipumzisha sauti.

Jumatano, 15 Novemba

Hakuja. Yuko Novi Sad kwa daktari wa koo.

Alhamisi, 16 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Amerudi na daftari dogo. Haruhusiwi kusema neno wiki mbili. Kipindi chote aliandika ubaoni, chaki ikamwagika kama unga, na mimi nikawa nafuta kwa kitambaa kikavu. Wengine walipotoka nilibaki kufunga dirisha. Akanigusa bega, akaandika: *Acha wazi.*

Nikauliza — kwa sauti ndogo mno, akainama kunisikia — je, upepo?

Aliandika muda mrefu. Kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Hewa ya darasa ni kavu, mabomba ya joto yanawaka kutwa na hakuna pa kupumulia. Vumbi la chaki: kitambaa kiloweshwe. Pipi za mnanaa zinamkausha. Kunong'ona nako kunaziumiza nyuzi, karibu sawa na kupiga kelele. Akirudi kliniki na vinundu havijapungua, atatolewa darasani, apelekwe ofisini kupanga mafaili.

Kumbe ni sisi. Kumbe ni mimi! Dirisha lile nimelifunga kila siku, na wiki hii kitambaa kikavu juu yake.

Nikamuuliza mbona hakutukataza. Akaandika: *Mlikuwa mnanitunza. Ningeanzaje?* Halafu, chini yake: *Waambie wewe.*

Mimi! Ambaye hata kusema "nipo" jina likiitwa naogopa.

Nyumbani nimemweleza Bibi. Daktari huyo, kasema, hajui baridi ya Sombor.

Ijumaa, 17 Novemba

Mapumziko. Naandika haraka, daftari gotini.

Nimefika mapema. Nimelowesha kitambaa, nimejaza jagi la maji, nimefungua dirisha. Kuna baridi, nimevaa koti. Nilikuwa nimeandika maelezo yote kwenye karatasi ili niibandike ubaoni, nisiseme kitu. Nimeibandika. Hakuna aliyeisoma! Imebanduka, wamekaa juu yake — hapana, Vukan kaitumia kufutia viatu.

Wameanza. "We Iskra, funga hilo dirisha, unataka tumzike mwalimu?" "Mwacheni, anasoma vitabu mpaka hasikii baridi." Vukan anatikisa kengele, wote wanalia kama kondoo. Kelele hii mtu hawezi kuizima kwa kimya.

Kengele ya shule. Namwona Mwalimu koridoni, skafu shingoni. Kasimama. Anatusikia. Ameshika koo kwa mkono mmoja, na anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupaza —

Vukan ameshika komeo la dirisha.

Naweka kalamu chini.