Ukimya Tulioukuta

Mjukuu wangu Anastazia,

Huku Mpui wote wazima, ulezi tumeshavuna. Usicheke, nakuzidi miaka michache tu, lakini kiukoo mimi ni bibi yako.

Unauliza uelezeje kwa maandishi amri za kompyuta: ukishazuia kazi isikatizwe, kwa nini ipo amri ya kuruhusu ikatizwe tena, na nyingine ya kurudisha hali ya awali? Hata mimi zilinichanganya sana.

Nikakumbuka utotoni. Baba alitunyamazisha, mtoto mgonjwa amelala. Mama naye akaanza kusonga ugali: "Msiniite!" Alipoipua, tukapiga kelele.

"Nani kawaruhusu? Katazo langu limekwisha, la baba yenu bado!"

Andika hivyo: anayemaliza arudishe alichokuta, asivunje zuio la mwenzake. Mengine bado yananichanganya. Ila mtoto aliyelala alikuwa wewe.

Bibi yako,
Yustina