Bunduki ya Zuwena ya Mtutu Mmoja

Ibra, Ijumaa, 1984. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mwili mzito kama wa mtu aliyetoka homani.

Kanzu nimeifua mara tatu. Damu ya Seif haitoki.

Niandike kwa mpango, maana kichwani yote yananijia kwa pamoja.

Mwezi uliopita kundi la mbwa koko liliingia zizini kwetu mchana kweupe. Waliua mbuzi kumi na mmoja na hawakuwala hata nusu yao. Waliwararua tu, wakawaacha matumbo nje. Mama yangu alitoka na fimbo. Mama ni mtu wa mjini Unguja, mbuzi amewajulia hapa uzeeni. Mbwa mmoja alimshika mkono, akautikisa mpaka mfupa ukaonekana. Aliyemwokoa ni Zuwena, binti yangu wa miaka kumi na sita, kwa jembe. Mama kachomwa sindano za kichaa cha mbwa tumboni siku baada ya siku, na mkono ule mpaka leo hauwezi kufunga ngumi.

Mimi sikuwepo. Kazi yangu iko Nizwa; nyumbani naja Jumatano jioni na kuondoka Ijumaa. Mke wangu alikufa Zuwena akiwa bado ananyonya. Siku zote nyingine wapo wawili tu, bibi na mjukuu wake, na lile shamba la mitende upande wa nyuma.

Nikaamua Zuwena afunzwe bunduki.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda Sinaw, kwenye soko la Mabedui, pamoja na Seif, bin ami yangu. Seif kazaliwa hapa hapa Ibra, Afrika hajaiona, na bunduki kwake ni kama kilemba: hatoki bila hiyo. Tulitaka bunduki ya marisau, zile chembe zinazotawanyika, kwa sababu mwanafunzi hawezi kumlenga mbwa anayekimbia kwa risasi ya kawaida. Seif akaokota ya mitutu miwili, namba kumi na mbili, risasi zake nene kama kidole gumba, akampa Zuwena. Alisema mbwa haulizi kama mpigaji ni mwanamke.

Zuwena aliinyanyua. Kitako kilikuwa kirefu, hakikukaa begani, kikamkwama kwapani. Nikahesabu kimoyomoyo. Sijafika kumi, mdomo wa bunduki ulikuwa umeshaanza kuinama.

Nakiri hapa jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, Pemba, mjomba alinipa bunduki kama ile nikapige kima katika mikarafuu. Ilinirudi kwa kishindo, ikanivunja mtulinga, huu mfupa wa juu ya kifua. Tangu hapo kila nikitaka kupiga, macho yanafumba yenyewe. Na mtu anayepiga macho kafumba hajui anaua nini.

Sikutaka mwanangu awe hivyo. Nikachagua namba ishirini, ambayo risasi zake ni nyembamba zaidi, ya mtutu mmoja, nyepesi. Muuzaji, mzee wa Kibedui asiyependa maneno mengi, alikikata kitako vidole viwili kwa msumeno, akampa Zuwena ajaribu, akakata tena kidogo. Safari hii ikamkaa kama imezaliwa naye. Seif akacheka, akasema nimemnunulia mtoto kitu cha kuchezea. Nikamjibu kwamba mwenye risasi moja hufikiri kabla ya kupiga.

Wiki ya kwanza aliishika tupu tu. Ya pili tulikwenda wadini, kwenye bonde la mto mkavu, tukapanga makopo. Risasi kumi, basi, hata akiomba zaidi. Nilimfundisha kuangalia kilichopo nyuma ya kopo kabla ya kuliangalia kopo lenyewe.

Jana baada ya Adhuhuri wakaja tena.

Walikuwa saba. Seif alikuwa kwetu kwa chakula cha mchana, na bunduki yake ya mitutu miwili ameiegemeza mlangoni. Tulitoka sote watatu. Mbele ya kundi alikuwa jike wa manjano, mbavu zikihesabika, povu mdomoni. Alimrukia mbuzi aliye karibu, akamkata koo. Zuwena akampiga pale pale. Jike akaanguka juu ya mbuzi. Binti akaifungua bunduki, akatoa ganda, akatia risasi nyingine.

Seif alifyatua mitutu yote miwili kwa mkupuo. Mbwa mmoja alikufa. Mwingine, dume jeusi, alijeruhiwa kiunoni, na badala ya kukimbia akamrukia Seif kifuani. Walianguka pamoja. Nikasikia sauti ya nyama inavyochanika. Sikio la Seif likaenda, kisha meno yakashuka pajani.

Nikapiga kelele: "Piga! Piga, Zuwena!"

Hakupiga.

Nilimwita tena, nikamtukana, mimi ambaye sijapata kumtukana. Yeye alizunguka, hatua nne, tano, taratibu kama anatafuta kitu kilichoanguka, mpaka ukuta wa udongo ukawa nyuma ya mbwa. Akainama, akamgusisha mbwa mdomo wa bunduki nyuma ya bega, ndipo akapiga. Lile dume lilipasuka. Waliobaki walikimbia.

Nilimbeba Seif mpaka garini, damu yake ikinishuka mpaka miguuni. Zuwena alikaa naye nyuma, kamfunga paja kwa shela yake. Njiani kwenda hospitali Seif alikuwa anamlaumu kwa Kiarabu, anasema amemwacha aliwe, amesimama anatazama.

Zuwena alimjibu kwa upole: "Kichwa chako kilikuwa nyuma ya mbwa, ami."

Mimi nilikuwa kwenye usukani, nikasikia yote.

Ni mimi niliyemwamrisha. Angenitii, marisau yangempasua mbwa na Seif pamoja, na leo tungekuwa tunazika. Binti wa miaka kumi na sita aliasi amri ya baba yake, na kwa uasi ule bin ami yangu yu hai. Daktari anasema mguu utapona. Sikio hapana.

Leo asubuhi tulichimba shimo la wale mbwa watatu. Zuwena alipomvuta jike wa manjano aliona chuchu zake zimejaa maziwa. Akaenda pembeni, akatapika. Aliporudi aliniuliza watoto wake watakuwa wapi.

Tuliwakuta kwenye nyumba iliyobomoka, nyuma ya mfereji. Wanne, macho hayajafumbuka vizuri. Mama yao alikuwa na povu la kichaa, na huenda nao wameshaambukizwa. Sikuwa na jingine la kufanya. Zuwena alinyoosha mkono kuchukua bunduki begani kwangu. Nikamwambia arudi kwa bibi yake.

Safari hii macho sikuyafumba. Nilijilazimisha. Nimewaona wote wanne.

Sasa amelala, bibi yake kamwekea mkono mbovu kichwani. Hajala tangu jana.

Nilihangaika majuma mazima na uzito wa bunduki, urefu wa kitako, idadi ya mitutu. Watu wakiniuliza, nitasema nilichagua vyema, na ni kweli. Lakini sikujiuliza hata mara moja kwa nini iwe yeye wa kusimama pale, na mimi niwe Nizwa.

Sirudi Nizwa leo. Barua ya kuomba uhamisho nimeshaianza. Wakikataa, naacha kazi.