Zeze Lililoitwa Gitaa

Mpendwa mshauri, nisaidie pumzi ingali ipo, maana daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi, na neno hili sina wa kumwambia. Nilipiga gitaa la umeme katika bendi iliyotoa ile albamu ya roki yenye zeze, marimba na filimbi, ambayo hata leo vijana wanaisaka, na wote husifu kipande kirefu cha gitaa katika wimbo wa tatu, lakini kile si gitaa wala si changu, ni zeze la mdogo wangu, seremala, ambalo siku ya kurekodi kwa mzaha tulilibandikia kinasa sauti cha gitaa kwenye kibuyu chake tukaliunganisha na spika yangu, naye akalipiga likanguruma, na kiongozi wa bendi aliposikiliza mkanda akanikumbatia mimi, nami nikanyamaza.

Albamu ilipotoka, mdogo wangu alikuja chumbani kwangu na vumbi la mbao kichwani.

"Kaka, hili si zeze langu?"

Nikacheka. "Masikio yako yanakudanganya, seremala. Zeze lako liliondolewa kwenye wimbo huo."

"Basi sawa. Wewe ndiye uliyesoma."

Akalitundika ukutani, hakuligusa tena. Sasa albamu inatolewa upya, jina langu kubwa kwenye jalada, naye amekuwa kiziwi kabisa, na kila mchana hunilisha supu kwa kijiko akinitania, "Usife kwanza, kaka, vanishi ya jeneza haijakauka." Nimwambie nini mtu asiyeweza tena kusikia nilichomwibia?

Mpiga Gitaa

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa maradhi. Ila ugonjwa haukufutii lawama. Unalilia uziwi wa mdogo wako, lakini uziwi huo ulianzia chumbani kwako, siku ulipomfundisha kutoyaamini masikio yake. Muziki ambao hakuupiga miaka yote hii haurudi, nami sitakudanganya.

Leo akija na supu, usifungue mdomo kabla hujampa karatasi: "Ulisikia sawasawa. Lilikuwa zeze lako. Nilikudanganya." Usiongeze habari za ujana wala za kiongozi wa bendi. Kisha weka wimbo wa tatu, sauti hadi mwisho, umwekee kiganja juu ya spika. Seremala anaijua mbao inapotetemeka. Halafu waandikie wanaotoa albamu waweke jina lake jaladani mahali pa lako, na barua aipeleke posta yeye mwenyewe.

Msamaha usimwombe siku hiyo. Akiondoka bila kukulisha, supu inywe hivyo hivyo, baridi.